Mtambaazi wa Mama Mkubwa

Malaz, Riyadh. Jumamosi, 1 Juni 2013

Leo nimetimiza miaka miwili katika nyumba hii. Nilifua, nikapiga pasi, nikawapa watoto chakula, kisha nikavaa gauni safi nikaenda sebuleni kumwambia Baba, mwajiri wangu, kwamba mkataba wangu umeisha. Alikuwa anatazama habari.

"Inshallah, Keziah. Baada ya Ramadhani."

Hakugeuza hata shingo. Nikarudi jikoni nikavaa tena nguo za kazi, na gauni nikalikunja vizuri kana kwamba lilikuwa limetoka safari.

Ndiyo sababu nimeanza kuandika. Daftari ni la hesabu la Fahad, mtoto wa kwanza wa nyumba hii, aliyeandika kurasa tatu akachoka. Kiswahili hakisomwi na mtu humu ndani isipokuwa Alfayo dereva, na Alfayo haingii jikoni. Nikitaka kumsema mtu nitamsema humu humu.

Ninachotaka ni kimoja: kufika Kibwezi kabla Ivy hajanisahau. Nilimwacha ana miaka mitatu, sasa ana mitano. Mama yangu anamwita mama. Mimi ananiita Mama wa Simu.

Jumatatu, 3 Juni

Vumbi. Nimefagia ua mara tatu na bado unaweza kuandika jina lako sakafuni.

Jumatano, 5 Juni

Mtu akihesabu viatu mlangoni atasema nyumba hii ina watu wanane. Ina watu wawili, mimi na Mama Mkubwa. Wengine wanapita tu wakitafuta chaja.

Mama Mkubwa ndiye mama mzazi wa Baba. Kwao ni milimani kusini, upande wa Jazan, karibu na mpaka wa Yemen. Vita vya mpakani vilipowafikia, kijiji chao kilihamishwa, na mwanawe akaenda kumchukua. Alikubali kupanda gari akiwa na kitu kimoja mkononi, kipande cha mmea kilichofungwa kwenye kitambaa. Leo kipande hicho kiko uani ndani ya pipa la buluu. Kimepanda ukuta, kimekamata bomba la kiyoyozi, kimefika darini. Yeye anauita ghalaf na huuamkia kila asubuhi kabla ya kuamkia watu.

Nilipouona mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Kwetu Kibwezi unajiotea kwenye vichaka, mbuzi wanautafuna, na hakuna aliyejisumbua kuniambia jina lake. Lakini mimi nilifanya kazi miaka minne kwenye kitalu cha miche cha Mwalimu Laban, na mzee yule hakukuruhusu kuuza mmea ambao hujaufungua ukautazama ndani. Huu ni ndugu wa mzabibu. Tazama vikono unavyopandia: havitoki popote tu, vinatoka kwenye fundo la shina, upande wa pili wa jani, mgongo kwa mgongo. Mzabibu ni vivyo hivyo. Tofauti iko kwenye ua. La mzabibu lina petali tano, la huu lina nne, na ni dogo, la kijani, huwezi kuliona kama una kazi nyingine ya kufanya. Majani ni ya mviringo, manene, yanang'aa kama yamepakwa nta. Humo ndimo unamoweka maji yake. Unajitunza wenyewe, hautaki kubembelezwa.

Kwao Mama Mkubwa majani hayo ni mboga, wanayapika na ukwaju mpaka muwasho utoke. Mimi katika wiki yangu ya kwanza nilitaka kumwonyesha kwamba naujua mmea wake, nikachuma jani nikalitafuna bichi mbele yake. Mdomo uliniwasha mchana kutwa. Mama Mkubwa alicheka mpaka akashika ukuta. Hapo ndipo tulipojuana.

Jumapili, 9 Juni

Madam Hanan, mkewe Baba, amegombana na mmea. Fundi wa kiyoyozi amesema vikono vimeingia kwenye feni ya nje. Madam akasema utakatwa. Mama Mkubwa akasema basi na yeye akatwe. Baba akasema watalizungumza baadaye. Hilo ndilo neno lake la kupikia kila kitu.

Jumatano, 12 Juni

Mama Mkubwa ameanguka bafuni. Nilikuwa juu natandika vitanda. Nyonga imevunjika. Nilisikia kishindo, nikakimbia chini na shuka mkononi.

Alhamisi, 13 Juni

Amepelekwa Jeddah kwa ndege, kwa sababu binti yake anaishi huko na daktari wa mifupa ni wa kwao. Alibebwa kwa machela akiwa amelazwa na dawa. Hatukuagana.

Ijumaa, 14 Juni

Familia yote imeondoka kwa gari na Alfayo kwenda Jeddah kukaa huko mpaka Idi. Mimi nimebaki kulinda nyumba na mmea. Madam alinipa maagizo akiwa amesimama na mkoba begani.

"Maji ndoo moja asubuhi, ndoo moja jioni. Kila siku. Joto hili linaua kila kitu."

Nikasema, "Madam, huu mmea maji mengi..."

"Keziah. Kila siku. Nitakuona." Akanyoosha kidole kwenye kamera ya uani. Anaitazama kwa simu yake popote alipo.

Baba akawa na roho nzuri kidogo. Alisema, "Tunza mmea wa mama yangu. Tukirudi baada ya Idi ukiwa mzima, nitakukatia tiketi, nitatoa na viza yako ya kutoka. Halas." Ni mara ya kwanza amesema halas, yaani basi limekwisha, kwa jambo langu. Kisha wakafunga lango kwa nje.

Jumamosi, 15 Juni

Maji asubuhi, maji jioni.

Jumapili, 16 Juni

Maji asubuhi, maji jioni. Nimesalimia friji.

Jumatatu, 17 Juni

Maji. Nilidhani nikiachwa peke yangu nitapumzika. Nimelala saa nane mchana, nikaamka nikitetemeka kwamba nimeitwa. Hakuna aliyeniita. Nilisimama katikati ya sebule yao, nikakaa kwenye kiti cha Baba, nikaondoka haraka. Hakikunifaa.

Jumatano, 19 Juni

Maji. Nilipiga simu nyumbani. Mama alisema Ivy yuko nje anacheza, akamwita. Nikamsikia mtoto akisema kwa mbali, "Mwambie nakuja." Hakuja mpaka salio likaisha.

Jumapili, 23 Juni

Majani ya chini yamegeuka manjano. Ukiyagusa yanaachia. Jani la mmea wenye kiu hukunjamana kwanza kama ngozi ya mzee, halafu ndiyo linakauka. Haya hayakukunjamana, yamejaa maji hadi yanakaribia kupasuka. Hiyo si kiu. Huko ni kuzamishwa.

Nilimpigia Madam nikamweleza. Akasema, "Unaona? Joto. Ongeza ndoo ya mchana."

Nikaongeza. Naandika hili kwa aibu. Mimi, mtu wa kitalu, nilisimama pale saa sita mchana nikamwaga ndoo ya tatu kwenye mizizi inayolia, kwa sababu kamera ilikuwa inanitazama na tiketi yangu iko mdomoni mwa watu hao. Mwalimu Laban angeninyang'anya jembe siku hiyohiyo.

Jumatano, 26 Juni

Nimebonyeza shina pale linapotoka udongoni. Limekuwa laini kama parachichi la juzi, na linanuka.

Alhamisi, 27 Juni

Leo nimeanza kuigiza. Nilibeba ndoo tupu kwa mikono miwili, nikajikunja mgongo kana kwamba imejaa, nikaiinamisha juu ya pipa na kuhesabu mpaka kumi. Nikajifuta jasho. Jioni nikarudia. Tangu nizaliwe sijawahi kufanya kazi nzuri namna hiyo ya kutofanya kazi.

Ijumaa, 28 Juni

Madam alipiga simu. "Mbona sakafu haina maji?"

Ana macho yule mwanamke. Kuanzia leo namwaga maji sakafuni kando ya pipa. Sakafu inanyweshwa vizuri.

Jumapili, 30 Juni

Mikono inaniuma lakini lazima niandike yote kabla sijaanza kujidanganya.

Asubuhi nilikuta uozo umepanda. Ulikuwa chini kabisa, sasa ni urefu wa kiganja juu ya udongo, na ngozi ya shina inabanduka. Nikajua nikingoja hata siku tatu utafika kwenye matawi, na hapo hakuna wa kuuponya. Kuna dawa moja tu, kukata juu ya uozo na kuuacha mzizi ufe. Lakini kukata maana yake ni kushika kisu mbele ya kamera.

Nilizunguka jikoni muda mrefu. Nilijiambia, uache ufe, utasema ulimwagia maji kama ulivyoagizwa. Maneno hayo ni ya kweli na yangenifaa. Kisha nikafikiria Mama Mkubwa akirudi na nyonga yake ya chuma kukuta pipa tupu, nikapitisha kisu kwenye moto nikatoka.

Nilikata na kutazama kiini. Kahawia. Nikapanda juu, nikakata tena. Kahawia kidogo. Mara ya nne kiini kikawa cheupe na cha kijani, safi, na utomvu ukatoka. Nilipumua hapo. Nikaanza kubandua vikono ukutani kimoja kimoja. Vinajizungusha kama waya wa kitanda na havikubali kirahisi. Nikapata vipande kumi na vinne, kila kimoja na mafundo manne, mawili ya kuingia udongoni na mawili ya kubaki hewani. Kipande kibichi hakipandwi siku hiyohiyo. Kidonda hukaushwa kwanza, siku tano au wiki, mpaka kifanye ngozi.

Simu ililia nikiwa na kipande cha kumi na mbili.

"Keziah, unafanya nini na kisu?"

Nilieleza. Nilieleza kwa Kiarabu changu cha jikoni, ambacho kina maneno ya sufuria na fagio, hakina maneno ya mizizi. Madam alipiga kelele mpaka nikashikilia simu mbali. Kisha Baba akaichukua.

"Umekata mmea wa mama yangu."

"Baba, ulikuwa umeoza chini."

"Nani aliuozesha?"

Nilisikia Madam akipumua kando yake. Nilikuwa na jibu mdomoni, jibu la haki, na Mungu analijua. Nikasema, "Mimi, Baba."

Akakata simu.

Nimevipanga vipande kwenye gazeti ndani ya stoo isiyo na jua. Nimekaa navyo hapo chini. Nimelia kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni, na hasira yenyewe ni juu yangu.

Jumanne, 2 Julai

Hakuna simu. Vidonda vinakauka vizuri.

Alhamisi, 4 Julai

Hakuna simu. Nimeongea kwa sauti na vipande. Nimewaambia wasiniite Mama wa Simu.

Jeddah. Jumapili, 7 Julai

Mambo yamekwenda mbio. Jana alfajiri lango lilifunguka, akaingia Alfayo.

Lazima niseme ukweli juu ya Alfayo. Tangu Januari sikuwa nikimjibu salamu. Madam aliijua simu yangu ya pili niliyoificha kwenye unga, na ni mtu mmoja tu aliyejua iko wapi. Kwa hiyo alipoingia jana akisema, "Mama Ivy, pack vitu zako, tunaenda Jeddah," nilimwuliza kama amekuja na pingu.

"Mama mzee ametoka hospitali. Hataki mtu mwingine amuoshe. Amemrushia nurse sahani. Anasema ni wewe ama hakuna."

Nikafunga nguo zangu, nikaviweka vipande kwenye katoni yenye matundu na kumkabidhi aiweke kiti cha nyuma. Tulipitia sokoni Batha kuchukua madumu ya dawa ya mende ambayo Madam aliagiza, halafu tukashika njia.

Ni safari ya mchana mzima. Karibu na Makkah kibao kinakuelekeza: Waislamu moja kwa moja, wengine wote kulia. Mimi na Alfayo ni wa kanisa, tukashika ile njia ya kuzunguka, jua likiwa juu ya paa la gari. Alfayo akasema bila kunitazama, "Ile maneno ya simu yako. Ni mimi nilisema."

"Najua."

"Baba aliniwekea ikama yangu, ile kibali ya kukaa huku, mezani, akaniuliza nani ana simu mbili kwa hii nyumba. Nina watoto watatu, Mama Ivy. Sikuwa strong."

Nilitafuta ile hasira ya Januari nikakuta imepungua. Nilikumbuka jinsi nilivyosema "Mimi, Baba." Hatukuwa na ushujaa wa kugawana ndani ya gari lile.

Tuliposimama kujaza mafuta nikageuka kutazama katoni. Kiti cha nyuma kilikuwa na madumu ya dawa. Katoni haikuwepo.

"Niliweka kwa buti," Alfayo akasema. "Nilidhani ni mboga za Madam. Dawa ilikuwa inanuka, nikasema isikae karibu na mboga... ah, hapana. Nilichanganya."

Buti lilipofunguliwa hewa yake ilinichoma nyusi. Vipande kumi na kimoja vilikuwa vimepikwa kabisa, vimelainika. Vitatu vilivyokuwa katikati vilikuwa na uhai. Nilivikumbatia mapajani mpaka Jeddah. Alfayo alisema pole mara nyingi hata ikabidi nimwambie anyamaze aendeshe.

Jumatatu, 8 Julai

Jeddah ni mvuke. Nguo ukianika haikauki, inabadilisha tu aina ya maji.

Mama Mkubwa amekonda. Amekaa kwenye kiti chenye matakia, chuma chake cha kutembelea kando. Nilipiga magoti nikamwekea vipande vitatu mapajani na kumweleza yote, ndoo, kamera, kisu, buti la gari. Sikumficha. Alivishika kimoja kimoja.

"Hiki kimekufa," akasema. "Hiki kinadanganya. Hiki, labda."

Kisha akauliza, "Nani alisema maji kila siku?"

Nikatazama chini. Akatazama mlango wa chumba cha Madam, akaachilia pumzi. Hakuuliza tena.

Jumatano, 10 Julai

Ramadhani imeanza. Nimevipanda viwili kwenye mchanga mkavu, chungu kimoja uani. Hakuna tone la maji kwa siku saba. Madam aliona, akafungua mdomo, Mama Mkubwa akagonga chuma chake sakafuni mara moja, mdomo ukafungwa.

Jumapili, 14 Julai

Sambusa mia moja na ishirini. Wageni arobaini. Nimeongea na mmoja, aliyeniomba chumvi. Sikudhani upweke wa Malaz ningeutamani.

Alhamisi, 18 Julai

Kimoja kimeoza. Kilikuwa kinadanganya, kama alivyosema.

Jumatano, 24 Julai

Kile kimoja kimeshika. Nilikivuta kidogo kwa vidole viwili, kikakataa, na mmea ukikataa kung'oka una mizizi. Fundo la juu limetoa jani dogo, na upande wa pili wa jani kikono chembamba, kimenyooka hewani kinatafuta pa kushika. Nilimkokota Mama Mkubwa mpaka pale. Aliusogezea kidole chake, akakiacha hapo muda mrefu kana kwamba mmea utakishika leo leo. Machozi yalimtoka naye anacheka. Mimi pia.

Jioni Madam alikuja jikoni akaniletea tende za kwake mwenyewe, sahani ndogo ya kioo. Akasema, "Kweli ulifanya kazi ya miche?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Ungeniambia." Nilitaka kucheka nikashindwa. Lakini nadhani aliona aibu, na kwa mara ya kwanza nilimwona kuwa mwanamke mdogo kuliko mimi, anayeogopa mkwe wake.

Alhamisi, 25 Julai

Baba aliniita baada ya futari. Alikuwa na furaha. Alisema mama yake sasa anakula, anatembea hatua kumi, na yote ni kwa sababu yangu. Nilingoja aseme tiketi.

"Kwa hiyo utakaa mpaka Hijja. Halafu tutaandika mwaka mmoja mwingine. Mama hawezi bila wewe."

"Baba, ulisema baada ya Idi."

"Nilisema. Lakini unaona mwenyewe."

Ninaona mwenyewe. Kama ningekuwa mfanyakazi mbaya ningekuwa ndani ya ndege.

Ijumaa, 26 Julai

Hakuna la kuandika.

Jumanne, 30 Julai

Leo Alfayo alinipa simu yake nikampigia Ivy. Alikuja kwenye simu, akasalimia vizuri kama alivyofundishwa, akauliza, "Wewe utakuja kututembelea lini?" Kututembelea.

Nilikuwa namwosha Mama Mkubwa miguu nilipoanza kulia, na sikuweza kuacha. Akanitoa kitambaa mkononi akaniuliza nina nini. Nikamwambia yote, mtoto, mkataba, Idi, Hijja.

Akasema, "Na mimi naambiwa baada. Nitarudi kwangu baada ya askari kuondoka. Baada ya mguu kupona. Baada ya watoto kumaliza shule. Sasa huu ni mwaka wa nne."

"Na wewe unawajibu nini, Mama Mkubwa?"

"Nasema inshallah. Nitasema nini? Ni mwanangu, ananipenda." Akaniangalia. "Na wewe, mwanangu anakupenda kwa sababu yangu. Hiyo ndiyo kamba yako."

Nilimwambia sielewi. Akaniambia nimalize miguu, maji yanapoa.

Jumapili, 4 Agosti

Nyumba yote ilikuwa imelala, kama wanavyolala alasiri za Ramadhani. Nilikuwa jikoni nakunja sambusa, dirisha wazi. Nilimwona Mama Mkubwa akitoka kwenda uani peke yake, hatua moja, chuma, hatua moja. Nikataka kumkimbilia, lakini alitembea kama mtu mwenye shughuli zake, nikabaki nimeshika unga.

Ndoo yangu ya kupigia deki ilikuwa kando ya mlango, imejaa maji ya kloroksi, ile dawa kali ya kusafishia. Alichota kopo. Alikwenda kwenye chungu akaumwagia mmea, juu ya majani na kwenye mchanga. Akarudi akachota la pili. Alipochota la tatu, nusu ikamwagikia gauni lake. Akaweka kopo chini. Akainama akakishika kile kikono kwa vidole viwili, akasema jambo kwa sauti ndogo ambalo sikulisikia.

Alipogeuka tukaonana. Alinitazama bila hata kupepesa. Kisha akaanza kupiga yowe akimwita mwanawe kwa jina lake.

Walitoka wote mbio. Alinielekezea kidole dirishani. "Amemwagia ghalaf maji ya deki! Mara ya kwanza aliuozesha, sasa ameumaliza! Ana mkono mbaya. Sitaki anishike. Sitaki chakula chake. Mwondoe."

Baba alikuja jikoni. "Ni wewe?"

Nilimtazama mama yake juu ya bega lake. Alikuwa amekaa pale kwenye kiti cha uani, mdogo sana, gauni limebadilika rangi pale kloroksi ilipoingia.

"Ni mimi, Baba."

Jumatatu, 5 Agosti

Lazima niandike jambo moja, kwa sababu hakuna mwingine anayelijua. Jana jioni, walipokuwa wanafuturu, nilikwenda kwenye chungu. Ncha ilikuwa bado nzima, mafundo mawili. Kama ningekata saa ile, nikaosha, nikakausha, kungekuwa na mmea. Nilikuwa na kisu mfukoni. Nilisimama nikifikiria kwamba nikiukuza tena, nitakuwa nimejifunga tena, na yeye atakuwa ameua bure.

Nilirudi ndani. Asubuhi ncha ilikuwa nyeusi.

Jumatano, 7 Agosti

Mama Mkubwa hali chakula nikikipika mimi. Anatema mbele ya wageni. Madam ananiambia kwa kunong'ona kwamba anajua si mimi, kwamba mzee amechanganyikiwa. Nikamwambia, hapana Madam, ni mimi. Nadhani alielewa, maana hakumwambia mtu.

Alhamisi, 8 Agosti

Idi. Baba amepiga simu kwa ofisi inayoleta wafanyakazi, anatafuta mwingine.

Jumamosi, 10 Agosti

Baba ameniwekea pasipoti mezani na tiketi juu yake, ya Jumatatu asubuhi. "Halas," akasema. Usiku nililala nikiwa nimevishika vyote viwili.

Uwanja wa ndege, Jeddah. Jumatatu, 12 Agosti

Alfayo amenishusha. Amenipa barua ya kumpelekea mkewe Rosebellah, akanishika mkono kwa mikono miwili. Sasa nimekaa chini na wanawake wengine wanaokwenda Nairobi, kila mmoja na televisheni yake ndani ya blanketi.

Asubuhi nilipotoka na sanduku familia yote ilikuwa sebuleni. Mama Mkubwa alikuwa kwenye kiti chake. Sikujua kama nina ruhusa ya kumuaga, kwa sababu siku nane hajanisemesha hata neno moja la kheri, na nilikuwa nimeshaanza kuogopa kwamba ananichukia kweli. Nilikwenda nikapiga magoti mbele yake. Mikono yake aliificha chini ya shali ili nisiishike.

"Usirudi nyumba hii," akasema, kwa sauti kubwa, ili wote wasikie. "Mwanangu akikupigia simu, usirudi. Madam wako akikubembeleza, usirudi."

Sauti yake ikashuka hapo, nami ndiye niliyekuwa karibu.

"Hata mimi nikikuita. Umesikia, Keziah?"

"Nimesikia, Mama Mkubwa."